Kola za Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Mgongo kama uliotwangwa. Leo kila cherehani kiwandani imefungiwa kidude chenye skrini. Ukimaliza fungu la kola unagusisha kadi yako, namba inapanda. Zamani meza nzima ilihesabiwa pamoja, malipo tukagawana sawa, mwepesi na mzito. Sasa kila mtu na lake. Msimamizi – tunamwita Bwana Tija, maana neno hilo halimtoki mdomoni – anasema wenye kiwanda wamewekeza, nasi tuwekeze mikono. Mikono yangu imo humu tangu sijaolewa.

Jumatano, 5 Machi

Namba ya mama mdogo inatia huruma. Macho yamekwisha, hata uzi namtungia mimi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniingiza kiwandani. Nimemwambia anipe kadi yake, nikishona mafungu mawili moja liwe lake. Akakataa, akanuna. Mchana akanipa.

Alhamisi, 13 Machi

Kumbe jirani yangu wa kushoto naye anamgusishia! Na yule wa mwisho wa meza. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Tija katukusanya. Mauzo yamepanda, faida imepanda, hongereni. Tukasubiri la mshahara. Wapi. Faida imenunua mashine inayoshona kola yenyewe. Meza nzima anabaki mtu mmoja wa kukagua mishono, malipo mara mbili. Sisi wengine mwisho wetu mwisho wa mwezi. Anayebaki kachaguliwa kwa namba, na namba ya juu kabisa ni ya mama mdogo.

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Yeye akainamisha kichwa.

Jumapili, 23 Machi

Mama mdogo kaja nyumbani. Hakugusa hata chai. Anataka kwenda kusema ukweli. Nikamwambia ukisema wanakutoa wewe, na sisi kiinua mgongo tunakikosa kwa kudanganya mashine. Basi, akasema, mshahara tutagawana kama zamani. Nikamjia juu – zamani ipi, mama? Sijawahi kumjibu hivyo. Nina uchungu, acha niuandike: nafasi yangu nimeishona mwenyewe, nikampa mtu. Na bado nampenda.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika kwenye benchi la mlinzi, getini. Kadi nimerudisha. Nasubiri kuitwa dirishani nichukue kiinua mgongo changu.

Asubuhi wamewasha mashine mbele ya wakubwa. Bwana Tija akampa mama mdogo kola ya kwanza. Akaisogeza hadi puani, akaigeuza, akasema safi. Wakubwa wakapeana mikono. Mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wangu, na kutoka pale niliona mshono umepinda.

Sasa hivi kanitumia ujumbe wa sauti. Ananong'ona, nadhani yuko chooni. Mwanangu, ile kola ilikuwaje?

Nimeusikiliza mara mbili. Mashine inaendelea, naisikia hadi hapa.