Mafungu ya Bi Kidawa

Dada Mwanahawa,

Kuna jambo nilikuficha tangu miaka ya vita mpaka siku tulipokuzika. Uliniuliza mara moja tu, njiani, nikakujibu kuwa sijui. Nilikuwa najua. Sasa miguu yangu imevimba, na yule daktari wa hospitali akizungumza nami hutazama dirishani. Sitaki kukufuata huko nikiwa na jibu lile lile.

Kwanza habari za huku Temeke. Nyumba yako anakaa fundi cherehani kutoka bara, mtu mpole na mkewe. Migomba yako ya uani wameikata, wamejenga banda la kuku. Mwenzangu, Mama Zuhura, alitangulia mbele ya haki miezi michache baada yako. Binti yetu Zuhura yuko Tanga kwa mumewe, salamu zake huja na wasafiri. Mwezi huu wa Ramadhani najikorogea uji peke yangu, na adhana ya magharibi ikiisha bado natega sikio mlango wa uani, kana kwamba utabisha na kusema, "Karani, uko hai au futari hii nimpe paka?"

Habishi mtu.

Nimeikumbuka migomba kwa sababu ya mchele wa Idi. Kila nyumba iliyojiweza ilileta kwako vibaba vyake, nawe ukaufunga mafungu mafungu kwa majani ya mgomba. Wanawake wenzako walikucheka, wakakuuliza kama sahani zako zimevunjika zote. Ukawaambia sahani ina wenyewe, lazima irudi, na mtaa huu sahani hairudi tupu. Utampelekea mtu mwenye njaa, halafu yeye ahangaike atie nini ndani yake? Jani analitupa, basi. Ukayapeleka mafungu milango ya nyuma, wanaume tukiwa msikitini, na hukumtaja mtu hata kwa mumeo.

Halafu ukaja ule mwaka mchele ulipoadimika madukani. Jumbe akatuita barazani kwake, siku chache kabla ya Idi. Alisema mchele hautagawiwa tena kwa kificho. Mwenye shida aje uwanjani mchana, aitwe jina, Bwana Shauri wa serikali naye aone. Alisema kuna watu wanakula mara mbili. Akamtaja Bi Kidawa, kizee anayekaa peke yake, ambaye watu walisema mwaka huo umemwekea mafungu matatu. Kizee mmoja, meno mawili! Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma yangu akasema labda bibi ameposwa na mabaharia.

Ulikuwa umekaa pembeni na wanawake, umejifunika. Ukasema bila kupandisha sauti, "Bi Kidawa aliniomba matatu. Sikumuuliza kwa nini, na sitamuuliza. Kama ni kosa, andikeni langu."

Hapo nikasimama. Nilikuwa na koti langu na tarbushi. Niliwaambia kuwa wakiita watu kwa majina watakuja wenye nyuso kavu, na wenye njaa watabaki ndani na watoto wao hadi Idi ipite. Nilisema maneno mengi, Dada. Jumbe akafikiri kidogo, kisha akasema, "Karani hana haja na mchele huu. Kwa hiyo maneno yake ni safi." Mambo yakaachwa kama yalivyokuwa.

Tulirudi pamoja, wewe mbele na kapu lako, mimi nyuma. Ukanishukuru. Ukanitania pia, ukasema, "Karani, hilo koti limekua au wewe umepungua?" Kisha ukaniuliza, taratibu, "Hivi yule bibi mafungu mengine anampelekea nani?"

Ndipo niliposema sijui.

Baadaye walikusema sana. Kwamba unalea wezi, kwamba kizee anauza mchele wa maskini. Ulibeba hayo miaka yote, na mimi nilikuwa nakaa nawe barazani, nakunywa kahawa yako.

Sasa mchele unagawiwa uwanjani, kama alivyotaka jumbe. Kuna meza, na kijana mwenye sauti kubwa anaita majina. Idi iliyopita walikwenda watu wachache, mchele ukabaki. Wakubwa wakasema Temeke hakuna mwenye njaa tena, mwaka huu hakuna haja ya kukusanya. Na mimi kutoka kitandani kwangu nawasikia watoto wa nyumba ya tatu wakilia wakati wa daku, mama yao akiwafunika vinywa.

Kwa hiyo Ijumaa hii nitamwomba yule fundi na wenzake wanibebe kitini hadi msikitini. Baada ya sala nitawaambia watu haya ninayokuandikia, maana nikisema tena kama mtu asiye na haja hawatanisikia. Nakuahidi, Dada. Mchele urudi kwenye majani na milango ya nyuma, hata kama migomba tutaiomba mtaa wa pili.

Pumzika. Mwenyezi Mungu akupe nafasi hapo ulipo. Sasa nikujibu.

Kampuni ilikuwa imenifukuza ukarani kabla ya Ramadhani ile, meli zilipokoma kuja. Kila asubuhi nilivaa koti, nikachukua mwavuli, nikaenda kukaa bandarini mpaka saa ya kutoka kazini. Sahani yako ya kwanza ya futari mwezi ule, Mama Zuhura aliirudisha na muhogo wa kuchemsha, nawe ukausifu. Muhogo ule ulikuwa daku yetu sote. Kesho yake alimweleza Bi Kidawa uani, akilia.

Ua wa makuti kati yetu na Bi Kidawa ulikuwa na tundu, chini, karibu na mtungi. Fungu moja alibaki nalo yeye. Mawili tuliyala sisi.