Nyamwiza Bado Yuko Darajani

Mpendwa dada Goreti,

Sina anwani yako, na namba yako ya simu haiiti, kwa hiyo barua hii haina bahasha. Tabibu Mathayo ameniahidi ataibandika kwenye ubao nje ya zahanati anayofanyia kazi pale kambi ya Nduta, Kibondo, mahali wanapopanga foleni watu wanaofika kutoka kwenu. Maana yake kila mwenye macho ataisoma kabla yako, na mambo yetu yatajulikana kambi nzima. Nisamehe. Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia.

Hao watakaokutangulia kuisoma nawaeleza kidogo, wasije wakadhani nimechanganyikiwa. Sisi ni watu wazima tunaocheza hadithi. Tunazunguka meza, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wetu ana mhusika wake ndani ya hadithi. Msimulizi anakueleza hatari iliyo mbele yako, kisha anakuuliza, "Unafanya nini?" Ukitaka kufanya jambo gumu, bahati inaamua kama umeweza au umeshindwa. Kuna kitabu cha kanuni chenye kueleza yote hayo. Tabibu alikuja nacho Kasulu alipohamishiwa kutoka Iringa, akakifungua kwenye stoo ya duka la baba yangu, kati ya magunia ya sukari na mifuko ya saruji. Baba alisema ni upuuzi, ila alituachia stoo.

Wewe ulikuwa unashona kwenye baraza letu, kwa kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Kasulu. Ulisikiliza kelele zetu dirishani wiki baada ya wiki ukijifanya hujali, mpaka Jumapili moja ukasukuma mlango na sindano ikiwa bado mdomoni. Ukaitoa, ukasema, "Huyo mzee wa kwenye hadithi yenu anawadanganya. Hamuoni?" Na kweli alikuwa anatudanganya! Tabibu alicheka mpaka akavua miwani. Siku hiyo hiyo akakupa mhusika, ukamwita Nyamwiza, mwanamke mwenye mkuki anayelinda daraja na asiyejua kusema uongo. Mimi nilikuwa mwizi wa ng'ombe. Unakumbuka ulivyokuwa unaniangalia kila nilipokaribia zizi la mtu?

Kitabu kilitaka kete yenye nyuso ishirini. Kasulu nzima hakuna kitu kama hicho, hata Kigoma mjini tuliuliza. Wewe ndiye uliyeokota visoda vya chupa kwenye baa ya jirani, ukaviandika namba kwa rangi yangu ya kucha, ambayo nilikuwa sina nyingine, ukashona mifuko ya vipande vya kitenge, kila mtu na wake. Bahati yetu ikawa kuingiza mkono mfukoni na kuchomoa kisoda. Ukaweka na sheria ambayo haimo kwenye kitabu chochote, kwamba mkono wa mtu hauingii kwenye mfuko wa mwenzake. Siku Filimoni alipotaka kukuchomolea kwa sababu ulikuwa umeshika uzi kwa mikono miwili, ulimkemea mpaka magunia yakasikia.

"Oya! Toa mkono, Filimoni. Nyamwiza akifa, afe kwa mkono wangu."

Filimoni unamjua, mkulima wa maharage wa Rungwe Mpya, anayekuja na baiskeli na kusalimia kwa makofi hata akiwa amenuna. Aliutoa, na tangu hapo akawa mlinzi wa sheria hiyo kuliko wewe mwenyewe.

Jumapili ya mwisho siipendi, lakini lazima niiseme. Ilikuwa mwaka 2012, na sote tulijua kambi inafungwa, ila hakuna aliyelitaja mezani. Kwenye hadithi tulikuwa tunavusha watoto na ndama wa kijiji kilichochomwa moto. Sisi tukavuka. Nyamwiza akabaki katikati ya daraja kuwazuia waliokuwa wanatufuata. Ukachomoa kisoda, kikawa kibaya, akaanguka na jeraha ubavuni, peke yake. Kwa kanuni zile, aliyeanguka bila mwenzake wa kumfunga kidonda hana tena cha kuchomoa. Msimulizi anahesabu pumzi zake, zikiisha basi. Tabibu alifungua kitabu, akasoma, akakifunga bila kuhesabu.

"Tutaendelea wiki ijayo," akasema.

Wewe ukafunga mfuko wako. "Sawa. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata mlikuwa mnapandishwa magari kurudishwa kwenu. Ulipita dukani asubuhi ukaniwekea mfuko mkononi, ukasema ukiubeba utapotea njiani na ukirudi utauomba. Hukunikumbatia. Ulisema ukinikumbatia utalia, na hutaki mama yako akuone unalia maana yeye alikuwa amejikaza tangu alfajiri. Nilikukasirikia sana kwa hilo, dada. Niliukasirikia hata mfuko. Nikautundika kwenye msumari stoo, na kila Jumapili nikawa nautungua na kuuweka kwenye kiti chako, halafu tunacheza.

Hatukuvuka tena lile daraja. Ilikuwa mila yetu bila kukubaliana. Hadithi ikitupeleka upande wa mto, mtu anapata sababu ya kugeuka. Tulipigana na majambazi wa milimani, tukatafuta dawa ya mfalme, mwizi wangu akaolewa na afisa wa forodha, ila daraja tuliliacha. Hata Tabibu alipohamishiwa Kibondo na kuanzisha meza ya pili huko, aliwaambia wachezaji wake wapya kwamba upande ule wa ramani haufikiki. Hakuwaambia kwa nini.

Mwaka huu ndipo likaja toleo jipya la kitabu. Ndugu wa Tabibu alimletea kutoka Dar, na kitabu kikatugawa kama urithi. Kanuni nyingi zimebadilishwa, na wahusika wote lazima waandikwe upya. Meza ya Kibondo ikataka kuhamia mara moja. Meza ya Kasulu, yaani mimi na Filimoni na ukaidi wetu, tukakataa. Tulibishana kwenye simu mpaka vocha zikaisha. Na meza hizi zinashiriki hadithi moja, kwa hiyo haiwezekani hawa wafuate hili na wale lile. Ama tukubaliane, ama tuachane.

Katikati ya ugomvi huo mambo kwenu yakaharibika, na watu wakaanza tena kuvuka mpaka kukimbilia huku. Sikuweza kusikiliza redio na watu wengine. Niliisikilizia stoo, mlango ukiwa umefungwa. Niliogopa jinsi uso wangu utakavyokuwa.

Tulikutana Kibondo, chumba cha nyuma cha mgahawa, baada ya wateja wa mchana kuondoka. Nilikwenda na Filimoni, na mfuko wako kwenye pochi yangu. Njiani tulikuwa tumeshakubaliana kukataa. Nikauweka mfuko kwenye kiti kitupu, nikakaa pembeni yake.

Filimoni alianza. "Goreti alicheza kwa kanuni za zamani. Kumbadilishia akiwa hayupo ni kumwibia. Mimi sihami."

Akamjibu Eliya, kijana wa Murungu, mchezaji mzuri lakini mwenye haraka. "Mzee, kanuni za zamani zinabana kinoma. Soma kwanza hizi mpya, ndiyo ukatae."

Tabibu akasoma. Alisoma mambo ya silaha, mambo ya safari, mimi nasinzia kwa hasira. Ndipo akafika kwenye walioanguka. Toleo jipya linasema aliyeanguka peke yake hahesabiwi pumzi. Kila zamu yake ikifika anachomoa mwenyewe, na anaweza kuinuka.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Miaka yote hiyo mimi na Filimoni tulikuwa tunapigania kanuni za zamani kwa ajili yako, kumbe kwa kanuni hizo wewe umeshakufa, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhesabu.

"Mimi nahamia toleo jipya," nikasema.

Filimoni aliniangalia kana kwamba nimeuza baiskeli yake. "Zuhura? Hata wewe?"

"Kwa kanuni zako amekufa, Filimoni."

"Hajafa. Tumesimama tu."

"Na siku tukiendelea?"

Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake. Nilimwonea huruma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko sisi wote.

Hapo Eliya akaona njia imefunguka. "Basi tumalizeni. Mwenyewe hayupo, mtu amchomolee, tuvuke daraja. Tunazunguka mto mpaka lini, jamani?" Na kabla sijameza mate, mkono wake ukawa umeingia kwenye mfuko wako, ukatoka umefumba kitu.

Dada, mtoto yule hakuwa na ubaya. Kibondo hawakuwa na mshonaji. Meza yao inatumia mfuko mmoja, wanapokezana, na hakuna aliyewahi kumweleza sheria yako. Lakini nilipiga kelele, mpaka mwenye mgahawa akachungulia. Filimoni alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Ngumi ya Eliya ilikuwa hewani juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na Nyamwiza, mzima au maiti.

"Usifungue," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Eliya, nakuomba, usifungue."

"Nimefanyaje?" Macho yalikuwa yamemtoka.

"Huo ni mfuko wa mwenyewe!" Filimoni alimnyooshea kidole. "Hauingizwi mkono, wewe! Oya! Oya!"

Nilijua Eliya akiifungua ngumi tu, namba itaonekana, na ikionekana hatutaweza kujifanya hatukuiona. Nilifikiri habari za redio. Nilifikiri namba yako isiyoita. Niliona kabisa kwamba kama kisoda kile ni kibaya nitarudi Kasulu nikijua umekufa, na hakuna mtu atakayenitoa hapo. Ni upumbavu. Nilijua ni upumbavu wakati ule ule, na haikunisaidia chochote.

Tabibu peke yake hakuinuka. Alifunga kitabu kipya, akavua miwani, akasema kwa ile sauti yake ya msimulizi, taratibu, "Eliya. Unafanya nini?"

Kijana akaushusha mkono. "Nakirudisha."

"Unatazama?"

"Sitazami."

Akaingiza ngumi mfukoni mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaifungulia huko huko ndani, akautoa mkono wazi akatuonyesha kiganja. Mimi nikautikisa mfuko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikalia, mbele ya watu wote, kwa kelele. Eliya akaenda kuniletea soda, akaniwekea mezani, na kisoda chake akakiweka karibu na mkono wangu.

Jioni ilipoingia tulikuwa tumekubaliana. Meza zote mbili zimehamia toleo jipya. Wahusika wote wameandikwa upya na wenyewe. Nyamwiza hakuandikwa. Yuko darajani vile vile ulivyomwacha, ila sasa kanuni zinamruhusu kuinuka, na daraja halivukwi mpaka mwenye mkono aje. Filimoni alikubali wa mwisho. Hakusema "ndiyo." Alipiga makofi mawili mepesi kama anayesalimia, akaokota kiti chake akakaa.

Ningeishia hapo, lakini juzi Tabibu alinipigia simu kutoka Nduta. Kwenye foleni ya zahanati alikuwapo mama mmoja, amefika na wanawe, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanawe mkubwa alitaka kuingiza mkono kwenye kifuko kilichofungwa kiunoni mwa mdogo wake. Mama akamkemea. "Oya! Toa mkono. Huo ni wa mwenyewe." Tabibu akaomba kukiona. Kilikuwa cha kitenge, na ndani yake visoda, vimeandikwa namba kwa rangi ya kucha.

Mama akamweleza kwamba kijijini kwao kulikuwa na fundi cherehani aliyewafundisha hadithi za mezani, watu wazima na watoto. Walikimbia pamoja. Walipokaribia mto, yule fundi aliwaambia watangulie, yeye anarudi kumchukua mama yake aliyegoma kuondoka nyumbani. Hawajamwona tena. Tabibu alimuuliza jina mara mbili, na mara mbili mama yule akalitaja jina lako.

Kwa hiyo najua ulipo, na sijui ulipo. Nakasirika tena, dada. Nakasirika kwamba ulirudi, namkasirikia mama yako, halafu nakumbuka ni nani aliyemweka Nyamwiza katikati ya daraja na wenzake wakavuka, na nakosa wa kumgombeza. Naogopa. Silali vizuri. Tabibu ananiambia watu bado wanafika kila siku, wengine wamepita njia za mbali, na anatazama kila uso. Filimoni ameleta gunia la maharage Nduta akisema ni biashara, kumbe amezunguka mahema siku nzima akiuliza.

Simwombi mtu yeyote akuchomolee. Mfuko nimeuleta Nduta, uko kwa Tabibu zahanati, umetundikwa kwenye msumari juu ya meza yake, na wauguzi wote wameshaonywa. Hakuna aliyeugusa. Kiti chako kipo. Rangi ya kucha nimenunua nyingine, nyekundu ile ile, maana namba zimeanza kufutika.

Mto umejaa na waliokuwa wanatufuata wako karibu. Nyamwiza amelala juu ya mbao za daraja na bado anapumua. Sisi tuko ng'ambo na ndama na watoto, tumewasha moto ili uone tulipo. Ni zamu yako. Dada Goreti, unafanya nini?

Mdogo wako wa mezani, mwizi wa ng'ombe,
Zuhura