Mlango Uliofungwa Mchana

Nyumbani, Ibra

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu zangu zikukute mzima huko Bombay. Sisi hatujambo. Babu yako yuko Wadi Bani Khalid tangu juzi, kenda kumtazama dada yake. Na mimi nimeinuka mara tatu tangu nishike kalamu, sijui natafuta nini.

Umeniuliza kwa nini majirani wa huo mtaa mkongwe wanakuchungulia kila ukifunga mlango. Na sisi yalitukuta. Nilikuwa msichana, nimefuatana na mama kuja huko huko Bombay, akatibiwe macho. Tulipanga chumba katika nyumba kama hiyo yako, mojawapo ya zile walizojengewa wafanyakazi wa viwanda vya pamba: roshani moja ndefu, milango chungu nzima, yote wazi kutwa. Mama akaufunga wetu, kwa sitara. Haikufika adhuhuri, ukagongwa. Wanawake wanne, mmoja kabeba wali na dengu, wanauliza kwa ishara: nani kafa?

Mama alicheka mpaka bendeji ikalowa. Tukatundika pazia, mlango tukauacha wazi.

Tundika pazia, mwanangu. Lango letu la chuma hapa halijafunguliwa tangu alipoondoka babu yako. Kila gari likipita nasimama kusikiliza. Hakuna aliyegonga.

Bibi yako