Mtungi Uliogoma Kuingia

Kawagoe,
mwanzo wa majira ya baridi

Kwa dada yangu mpendwa Kinue,

Salamu nyingi zikufikie huko Londrina, wewe na shemeji Takeo, wanao, na wajukuu ambao majina yao ya Kibrazili bado yananishinda kutamka. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, ameacha kahawa ya jioni kama daktari alivyomwagiza, au bado anakunywa kwa kujificha? Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kupiga hodi, viazi vyangu vitamu vya kuchoma vinatoka dukani kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo ukinisikia nalalamika usinihurumie.

Dada, sijui nianzie wapi kwa furaha niliyo nayo! Katika barua yako uliuliza, "Mama mmemweka wapi?" Uliliandika swali hilo juu kabisa, kabla hata ya salamu, wewe uliyenifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia nyumba ya watu na viatu. Nikajua ulivyoumia kwa kushindwa kuja mazishini. Basi jibu ninalo, na ni jibu tamu. Ila utalipata kwa mpangilio, maana nikikutupia hivi hivi utasema Mitsuyo amerukwa na akili.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema tangu sisi wadogo: nikifa, msinilaze na yule bibi. Bibi Kane, mama yake Baba, Mungu amrehemu, alionja supu ya miso ya Mama akiwa bibi harusi mbele ya wageni, kisha akatoka nayo polepole akaenda kuimwaga bustanini. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hao walikaa mpaka Bibi akafa, kwa sababu Baba alikuwa mwana wa kwanza, na mwana wa kwanza hahami kwa wazazi wake. Kila mwaka mpya Baba alimwahidi Mama nyumba yao wenyewe, hata ya chumba kimoja. Alikufa bado anaahidi, akazikwa katika kaburi la ukoo kule nyumbani Yoshino, magharibi, bega kwa bega na mama yake. Mama alimpenda Baba kweli kweli. Alichokataa ni kuolewa kwa mama mkwe yule yule mara ya pili.

Nilimwambia Kaka Yoshinobu hayo kwa simu. Akanijia juu. Aliniambia nisimletee mambo ya Tokyo, kwamba mke halali nje ya kaburi la mumewe kama mgeni aliyekosa chumba, na kwamba Mama alikuwa akitania tu. "Watu watasemaje, Mitsuyo? Wewe uko mbali, mimi ndiye nitakayeulizwa barabarani!" Nikanyamaza. Dada, nilinyamaza, na kila asubuhi nilipoweka chai mbele ya mtungi wake nilimwomba radhi. Niliona aibu hata kuitazama picha yake.

Mtungi wenyewe sasa. Kwa kuwa huko kwenu nasikia mnazika mtu mzima mzima, nikukumbushe ya kwetu. Mama alipofia huku kwangu na kutoka kwenye tanuri la kuchomea maiti, tulimwokota kwa vijiti, tukianzia mifupa ya miguu kupanda kichwani ili asije akakaa kichwa chini. Mfupa wa koo, ule unaofanana na mtu aliyeketi akisali, mimi na Kaka tuliushika pamoja tukaulaza juu ya yote. Huku mashariki, Tokyo na jirani zake, mtu huzolewa wote, mpaka majivu ya mwisho, kwa hiyo mtungi ni mkubwa kama sufuria ya wali ya nyumba yenye watoto wengi. Kaka alipoubeba akaguna, akasema Mama amenenepa. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Siku yake ya arobaini na tisa ilipowadia nikampakata kwenye treni kwenda Yoshino, amefungwa kitambaa cheupe. Kijana mmoja mwenye adabu akataka kunisaidia kumweka juu pa kuwekea mizigo. Nikamwambia asante mwanangu, huyu mama yangu hapendi kupanda juu. Alibadilika rangi, maskini, akahama kiti.

Kaburini tulikuwa wachache: Kaka na mkewe Hatsue, mtawa wa hekalu, fundi mawe Okuda, na Shangazi Shige. Shangazi unamjua, mdogo wake Baba, binti wa Bibi Kane, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na hakuondoka tena. Okuda akaliondoa jiwe la mbele, lile linaloziba mlango wa kichumba cha mitungi. Mtawa akaanza kusoma. Kaka akapiga magoti, akamsogeza Mama mlangoni.

Haingii!

Kaka akamgeuza upande. Haingii. Akavua koti, akamwinamisha kidogo. Wapi! Mtawa alikuwa amefika mwisho wa sala yake, akaona hali ilivyo, akaanza tena mwanzo. Mwishowe Okuda akakuna kichwa, akasema, "Bwana Yoshinobu, huku kwetu tunachukua vipande vichache tu, mtungi mdogo. Ninyi mmemzoa mzima. Milango yetu haikutengenezwa kwa watu wa mashariki."

Kaka akanigeukia, "Kwa nini hukuuliza kipimo?" Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe aliubeba, mbona macho alikuwa nayo? Hapo Shangazi Shige akasema, kwa sauti ndogo tu, "Mama yangu amemfungia mlango." Tukatazamana. Hatsue ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo, kisha sote tukacheka, na mtawa mabega yakawa yanamtikisika huku anasoma.

Okuda akashauri tumpunguze, tumimine kiasi kwenye mtungi mdogo. Kaka akakikamata kifuniko, akakiinua, akauona ule mfupa wa koo tuliouweka sisi wawili. Akakirudisha. Alisema hawezi kummimina mama yake kama anapima mchele dukani. Halafu akalia, Dada. Yoshinobu wetu, mbele ya fundi! Na mimi mdomo uliokuwa umefungwa ukafunguka: nikamwambia Mama hakuwa akitania, hakuwahi kutania hata siku moja, na nikaomba nirudi naye Kawagoe. Kaka akauliza, sasa Baba je, abaki peke yake milele?

Shangazi akajikongoja mbele na mkongojo wake. Nanukuu, maana nataka uyasikie kama nilivyoyasikia. "Kama bibi harusi haingii, mtoeni bwana harusi! Kaka yangu ameshakaa na mama yake vya kutosha."

Kaka akasema haiwezekani, mwana wa kwanza kuhama kaburi la ukoo, na Bibi atabaki na nani?

"Na mimi," akasema Shangazi. "Nimelala chumba kimoja naye tangu nirudi mpaka alipokufa, ninajua anavyokoroma. Tena mimi sina pa kulala, Yoshinobu. Miaka yote hii hamjawahi kuniuliza nitawekwa wapi."

Kaka aligeuka akamwinamia Shangazi mpaka paji la uso likagusa ardhi, akamwomba msamaha, akamwambia nafasi ni yake. Kisha akamwambia Okuda, "Mtoe mzee."

Baba akatoka kwa urahisi, mtungi wake mdogo kama chungu cha chumvi. Tukawaweka pamoja kwenye nyasi, Mama mkubwa, Baba mdogo. Hatsue akasema hata wakiwa hai ndivyo walivyokuwa, Mama alikuwa akimpita Baba kichwa kizima. Kwa kuwa ruhusa ya ofisi ya mji ya kumhamisha Baba ilikuwa bado, mtawa akawakaribisha ukumbini mwa hekalu, wakakaa huko wawili peke yao, bila mtu wa kuwaonjea supu.

Na sasa ndilo jibu lako: juzi tumewahamishia kwao! Ni kaburi dogo upande wa juu wa hekalu, chini ya mti wa chestnati, na ukisimama pale unaliona bonde lote. Kaka ndiye aliyechagua mahali, na ndiye aliyesema jiwe lisiandikwe jina la ukoo. Limeandikwa Kiyoshi na Tomi, basi. Okuda amewatengenezea mlango mpana, anasema hata wakitaka kuingiza kabati litapita. Baba ametimiza ahadi yake, Dada. Chumba kimoja, lakini chao.

Kuna jambo sijamwambia Kaka, na naomba libaki kwetu. Mama alipokuwa hospitali aliniuliza mtungi wa huku una ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Naye akainua mikono yake, akaacha nafasi nyembamba kuliko yangu, akaitazama, akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja mbio. Akaniapisha nichukue ule mkubwa, nisikubali wapunguze hata kipande, na Kaka asijue tumezungumza. Nilidhani anaogopa kuachwa nusu tanurini. Kumbe! Pale kaburini, Kaka alipokuwa akihangaika, niliutazama ule mlango nikaiona mikono ya Mama ya hospitali, upana ule ule. Ni yeye aliyepiga magoti pale akamwingiza Bibi Kane, na baadaye Baba, kwa mikono yake. Alikuwa anaujua mlango ule kuliko fundi.

Kama alijua Baba atatolewa, hilo siwezi kusema. Labda aliamua tu kusimama nje mpaka mumewe atoke.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, na magoti yako yapake yale mafuta niliyokutumia, usiyaweke kabatini kama mapambo. Yakipata nguvu, njoo wakati wa machipuo, nitakupeleka. Jana, kabla sijapanda treni kurudi, niliwapelekea supu ya miso. Niliionja kwanza, chumvi imezidi kidogo, nikaiacha hivyo hivyo. Wanakusalimu wote wawili, kutoka nyumbani kwao.

Mdogo wako akupendaye,
Mitsuyo