Mnyama wa Kinasa cha Tatu

Kipkelion,
Jumatatu jioni.

Dada yangu mpendwa Janeffer,

Pokea salamu nyingi kutoka huku juu kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na mahindi ya Mulot yamesimama baada ya ile mvua ya mawe tuliyosikia. Mimi ni mzima. Ng'ombe wanakamuliwa, chai inachumwa, na chakula kinashuka bila shida. Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza kueleza, na jambo hili nataka nilieleze lote.

Unakumbuka Desemba ulivyonicheka. Ulisema nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, naweza kueleza ua linavyochavushwa, lakini kumwambia Jerusa ninachotaka kumwambia nashindwa. Ukaapa kwamba nisipomwambia kwa kinywa changu mwenyewe, bila kutuma mtu, hutakanyaga kwangu kusimamia posa yoyote. Jerusa unamjua: yule mama mjane, Mjaluo wa Seme, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chai, sasa anaongoza kitalu cha miche cha kikundi chetu cha msitu. Tangu siku hiyo nilikuwa natafuta ujasiri. Acha kwanza nikueleze habari za msitu, maana mambo haya mawili yamegongana.

Chuo kikuu kilimtuma kwetu binti mmoja mtafiti, Chelimo, tukamsaidia kufunga vinasa sauti kwenye miti. Kinasa ni kijisanduku cha ukubwa wa nusu mkate, kinachosikiliza msitu, jua liwake au mvua inyeshe. Sababu yake ni rahisi. Mnyama wa msituni anaweza kujificha usimwone, lakini kukaa kimya hawezi. Kiangazi, perere, yule mnyama mdogo wa mitini, hulia usiku kama mtu anayekabwa koo. Mvua zikifika, vyura huchukua zamu. Mikuyu ikiiva, ndege hondohondo huja na kelele zao. Ukiweka pamoja sauti za mwaka mzima, unajua nani amefika, nani amechelewa, na nani hakuja kabisa. Kompyuta ndiyo hupanga sauti zinazofanana katika mafungu, na sauti za watu huzitupa ili siri za wapita njia zisihifadhiwe. Hilo Chelimo alituhakikishia, nami niliwaeleza wanakikundi mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka alfajiri kuangalia kama nyani hawajang'oa kitu.

Jumamosi tulikutana katika ukumbi wa kanisa kusikia matokeo. Chelimo akasema kuna fungu moja limemshinda. Ni mnyama anayesikika kwenye kinasa cha tatu tu, kando ya kijito, alfajiri, tangu mvua zilipoanza, na kompyuta haimtambui. Yeye mwenyewe alikuwa hajamsikiliza, maana ana maelfu ya sauti, akaona awaletee wenyeji. Hata kabla hajabonyeza, watu walishaanza kubishana. Jackton, mwenyekiti wetu, alisema huyo ni nguruwe mwitu tu, anawajua kwa kukoroma. Mama Cheptoo akamwambia anyamaze, mtu wa kulala karibu na barabara anajua nini, huyo ni chui mwenye mafua. Mimi nikasimama, unanijua, nikaeleza kwa utaratibu kwamba kwa majira hayo na mahali hapo, yaelekea ni dume linalotafuta jike.

Spika ikakohoa. Kisha ukumbi mzima ukasikia mzee akisema "Oyawore, Jerusa," yaani habari za asubuhi, akisafisha koo, akirudia, na kuendelea kwa Kijaluo kibovu kumwomba Jerusa akubali kuzeeka pamoja naye.

Dada, mnyama huyo ni mimi. Nilikuwa najifunza ili nimpose kwa lugha ya kwao, na msituni ndipo mahali pekee pasipo majirani. Kwamba kinasa kinasikiliza nilijua. Niliamini kompyuta itanitupa. Kumbe kwa Kijaluo changu haikunitambua kuwa ni mtu.

Jackton, ambaye ni Mjaluo, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema mwalimu asamehewe, hata yeye mwanzoni alisikia nguruwe. Jerusa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika, nikadhani nimemliza. Alipoinuka alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akamwomba Chelimo arudie kipande cha mwisho. Chelimo, kwa aibu, akasema sheria inamtaka afute sauti ya mtu. Jerusa akamjibu afute tu, mwenyewe yuko hapa, atasema tena.

Ndipo nikasema, mbele ya watu wote. Nilikosea maneno mawili. La kwanza akanirekebisha palepale. La pili akasema tutalirekebisha tukiwa nyumbani kwetu.

Ndugu zake wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Upande wangu nakutaka wewe uongee, si mwingine. Njoo na koti zito, na tafadhali siku hiyo usinicheke kabla wageni hawajanywa chai.

Nisalimie shemeji Kipkemoi na wote wa boma lako. Jerusa anakusalimu sana, na Jackton pia, ingawa yeye anakusalimu kwa kukoroma. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Isaiah Kiptanui