Tundu Nililoliziba Mlangoni Mwako

Mama Hilde,

Nilikuita Mama miaka miwili, na ulimi wangu haujapata jina jengine la kukupa. Basi lichukue, lakini "mpendwa" sikuwekei. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijerumani ulichonifunza ni cha kuomba chumvi na kushukuru, na kwa hasira nilizonazo hakinitoshi. Tafuta wa kukusomea. Nakala nawapa watu wangu wa hapa Ibra, Uarabuni tulikokimbilia, waisome, maana mambo haya si yako na mimi peke yetu.

Barua yako nimeipata. Unasema Ruth, uliyekaa naye dawati moja shuleni, ameandika kutoka Ajentina. Manispaa ya mji wenu inataka kuweka vibao penye maduka yaliyokuwa ya Mayahudi kabla hawajachukuliwa, naye ameiambia kuwa duka lako la vifungo lilikuwa la baba yake, Mzee Salomon. Hati ziliungua vitani. Alichonacho yeye ni alama tu ya dini yao anayoikumbuka kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia. Nawe unaniomba mimi, niliyeupaka rangi mlango huo, niiandikie manispaa kwamba hapakuwa na alama yoyote. "Wewe ni mgeni, watakuamini," umeandika. Una uso mkavu, Mama.

Nilikuja kwako kijana, nimepelekwa na serikali ya huku kusomea umeme, sijui hata kufunga skafu. Ulinifungia wewe. Ulinipa chumba cha juu ya duka, ukanipikia viazi, na sufuria yangu ukaitenga isiguse nguruwe. Nilipougua ulikaa kando ya kitanda ukinisomea gazeti nisilolielewa. Niliporudi huku Ibra nikawa nakuletea halwa kila Idi, nawe ukimletea mama yangu vifungo vya mfupa, vya kizamani, ukisema siku hizi havitengenezwi tena. Sikatai hata moja. Ndiyo maana nimechukia hivi. Mtu baki asingeniuma.

Sasa ikumbuke ile Jumamosi ya kupaka rangi. Nilikuwa naukwangua mwimo, rangi ya kale inatoka tabaka kwa tabaka, nikafika kwenye kikasha cha bati kirefu kama kidole, kimeinama upande ndani ya mbao. Kwetu Unguja, juu ya mlango wa duka la baba ilikuwapo Ayatul Kursi ndani ya kioo, na baba hakufungua duka bila ya kuigusa. Kwa hiyo nilijiona najua. Niliacha kazi nikaenda kutawadha. Nikakitoa kikasha kwa leso safi, nikakuletea kwa mikono miwili.

"Hirizi yako, Mama," nilikwambia.

Mimi bwege nilidhani ni ya nyumba yenu, nilidhani nakufanyia adabu. Ulibadilika rangi. Kipande cha ngozi kilikuwa kimechomoza, kina maandishi. Nikajaribu kuyasoma kutoka kulia kama Kiarabu, nikashindwa.

"Ni ya waliokuwapo kabla yetu," ulisema. "Walihama."

"Walihamia wapi?"

"Viazi vinaungua."

Viazi vilikuwa vimeshapakuliwa, Mama. Vilikuwa mezani, vinatoa mvuke. Ulikitia kikasha katika droo ya tatu ya kabati la vifungo, ile ya vifungo vya makoti meusi, ukaniambia nilizibe tundu. Nikaliziba. Nikalipiga msasa mpaka pakawa laini, nikapaka kijani mara mbili, nawe ukanisifu kuwa nina mkono mzuri. Sikuuliza tena. Nilikuwa nakula kwako, nikaona haya kumhoji mwenyeji wangu. Hilo ni langu, na sina wa kumsukumia.

Juzi nilimsomea mama yangu barua yako, nikiigeuza Kiswahili neno kwa neno. Alikuwa anachagua mchele, amevaa lile gauni alilolitia vifungo vyako. Nilimweleza na habari za kile kikasha, tangu mwanzo. Nilipofika penye "walihama" akaiweka chini sinia.

"Walihama? Wallahi bibi huyu hana haya. Na sisi si wanasema tulihama? Mwaka ule wa mapinduzi nimetoka Unguja na kanga mbili na wewe nimekushika mkono, na baba yako mpaka leo sijui alikozikwa. Huko ndiko kuhama?"

"Anataka nimwandikie, Mama."

"Mwandikie. Lakini huyo binti wa watu, ushamwandikia?"

Nikaikunja barua. Akarudi kwenye mchele wake. Asubuhi nilikuta gauni limekunjwa juu ya kiti, halina kifungo hata kimoja, na vifungo vyenyewe sita vimefungwa kwenye kitambaa pembeni.

Ulinitilia bahashani nakala ya barua ya Ruth ili niuone "uongo" wake, ukasahau kuwa anwani yake iko chini. Basi nimemwandikia, na vifungo vile sita nimempelekea yeye, binti wa mwenye duka. Manispaa nayo nimeiandikia, kwa Kijerumani chako hichohicho, nikatia sahihi. Nimewaeleza wakwangue kijani tabaka mbili, upande wa kulia, usawa wa bega, watalikuta tundu. Na kwamba aliyeliziba ni mimi, kwa kuamrishwa na wewe. Barua zote mbili nimezitia posta kabla ya hii, nisije nikakuonea huruma.

Nitakukosa, na naudhika kwamba nitakukosa. Halwa usiingoje.

Ruth anasema katika barua yake kuwa atakuja mwenyewe, akiwa mzima. Atakapobisha hodi usimwambie viazi vinaungua. Mfungulie droo ya tatu. Na kabla hujakishika kile kikasha, Mama, nawa mikono.

Kwaheri.

Mimi,
aliyekuwa mwanao wa chumba cha juu