Pengo la Sauti ya Pili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la mama yangu hapa Tengeru na kwaya itaimba wimbo nilioutunga mimi, na anayeuharibu ni mume wangu Ndesanjo, mpiga kinanda wetu, mtu ambaye Mama hakuacha kumwekea loshoro yake, ule mlo wa mahindi na maziwa mgando, kila tukienda. Mama aliimba sauti ya pili maisha yake yote, kwa hiyo kwenye maneno "kiti chako, Mama" nimeinyamazisha sauti ya pili, zimebaki nyingine tatu, na wimbo unaning'inia hapo, hautulii mpaka ubeti wa mwisho sauti hiyo inaporudi. Sasa Ndesanjo akifika hapo anafumba macho, anamwaga kodi za kinanda, noti kadhaa kwa pamoja, tamu tamu, pengo linajaa, wimbo unatulia kabla ya wakati wake, wanakwaya wanasema umenoga, na mimi naitikia sawa kwa sababu si vizuri kumsahihisha mume mbele ya watu, ila tukirudi nyumbani sili naye, na nimefikia kutaka kuuondoa wimbo wote, japo Mama hatawekewa msalaba mara mbili. Nifanyeje?

Aikande, Tengeru

Aikande, pole sana kwa msiba. Sasa tulia nikuseme kidogo. Unamnunia mwenzio kwa kosa ambalo hujamwambia. Mazoezini unasema sawa, nyumbani unamwachia chakula ale peke yake. Atajuaje?

Kwenye wimbo uko sahihi. Kodi haiwekwi kwa sababu ni tamu, inawekwa kwa sababu maneno yanaitaka. Ukimtuliza msikilizaji kabla hajaumia, ubeti wa mwisho unakosa kazi.

Lakini soma tena barua yako. Umeandika kwamba akifika hapo anafumba macho. Hizo si mbwembwe, Aikande. Naona naye amefiwa, na kile kimya ulichokiacha hawezi kukivumilia. Imenisikitisha kwamba hukuliona hilo.

Fanya hivi. Leo pika loshoro, mle pamoja. Ukimaliza mwimbie wimbo bila kinanda, kisha mweleze kwa nini sauti ya pili inanyamaza, na umwombe hapo aondoe mikono kabisa. Wala usimnyang'anye kodi zake. Ubeti wa mwisho, sauti ya pili ikirudi, aziweke zote, tamu kama zilivyo. Mwambie hapo ndipo Mama anapopumzika, na wa kumpumzisha ni yeye.